Panorama, CT ya koni, CT ya kawaida au MRI: kipi kinafaa kupima mfupa unaolika kwenye kiungo cha taya

Mgonjwa anayefika kwa daktari wa kinywa na meno mjini Dodoma akieleza kwamba taya linatoa mlio, linauma anapotafuna miwa au karanga, au kwamba meno ya mbele hayakutani tena kama zamani, mara nyingi huondoka na karatasi ya kwenda kupigwa picha. Ni picha gani hasa inayomfaa, ndilo suala la makala hii. Vipimo vinavyotajwa zaidi ni vinne: picha ya panorama, ambayo wengi huiita OPG, CT scan ya kawaida, CT ya koni, inayoandikwa CBCT kwenye fomu, na MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi. Vinatofautiana kwa bei, kwa mionzi na kwa upatikanaji, lakini tofauti iliyo nzito zaidi ni ya kile ambacho kila kimoja kinaweza kukiona. Kwa mfupa unaolika tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba kipimo kisichofaa kinaweza kumrudisha mtu nyumbani Kondoa au Manyoni akiamini hana tatizo ilhali analo.

Kwanza ijulikane kinachotafutwa. Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya tundu la sikio, na mtu akiweka kidole hapo na kufungua kinywa atahisi mfupa ukisogea. Mfupa huo ni kichwa cha taya la chini, ambacho madaktari hukiita kondili. Kinazunguka na kuteleza chini ya kijishimo kilicho kwenye fuvu, na katikati yao kuna kisahani laini kinachozuia mfupa kusuguana na mfupa. Upotevu wa mfupa huanza pale ganda gumu la nje la kondili linapokatika na kuacha ukingo wenye mapengo, jambo linaloitwa mmomonyoko. Baadaye vinaweza kuonekana vishimo chini ya ganda, vijimfupa vilivyochomoza pembeni, na mfupa wa ndani uliokuwa mgumu kupita kawaida. Vigezo vya kimataifa vya kutambua magonjwa ya kiungo cha taya, viitwavyo DC/TMD na vilivyochapishwa mwaka 2014, huchukua alama hizo nne katika CT kuwa ushahidi wa ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo. Kondili kubapa kidogo, au kuwa na ugumu wa sehemu moja tu, hakuhesabiwi peke yake, kwa kuwa hali hiyo huonekana hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ripoti nyingi zinazowatia watu hofu huwa zimetaja kubapa tu.

Sababu za mfupa kulika ni nyingi, na sababu ndiyo inayoelekeza kipimo. Kuna uchakavu wa kawaida wa kiungo, kuna baridi yabisi ya watu wazima na ile inayowapata watoto, kuna majeraha, ambayo katika barabara zetu zenye bodaboda nyingi si haba, kuna maambukizi, na kuna hali ambapo kondili hupungua pande zote mbili bila sababu inayojulikana, mara nyingi kwa wasichana na wanawake vijana, hadi kidevu kikarudi nyuma na meno ya mbele yakashindwa kukutana.

Panorama: mlango, lakini si hukumu

Panorama ina sifa ambazo hakuna anayezipinga. Ni nafuu, huchukua chini ya nusu dakika, inapatikana katika vituo vingi kuliko CT ya koni, na mionzi yake ni kidogo: kati ya mikrosieveti (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) 3 na 24 hivi kwa picha moja. Wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu huipata duniani kwa mwaka ni takriban mikrosieveti 2,400, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na mionzi ya asili ya kati ya nusu siku na siku nne. Mtu anayeishi katika mkoa ambao ardhi yake, kule Bahi, iliwahi kuchimbuliwa kutafuta urani hana sababu ya kuiogopa panorama moja.

Faida yake nyingine ni kwamba inaonyesha meno yote na mataya yote mawili kwa pamoja. Wagonjwa wengi wanaodhani kiungo cha taya kimeharibika wana jino la hekima lililokwama au jipu kwenye mzizi, na panorama huligundua hilo pasipo gharama kubwa. Pia huonyesha kondili iliyovunjika vibaya, kondili moja iliyo ndogo sana kuliko mwenzake, au uvimbe mkubwa ndani ya mfupa.

Udhaifu wake unaanza tunapouliza kuhusu mmomonyoko. Panorama ni picha bapa ya kitu chenye pande tatu. Kondili huonekana kwa mshazari, mfupa wa shavu na sehemu ya chini ya fuvu huipitia juu yake, ukubwa hupotoshwa, na kichwa cha mgonjwa kikiinama kidogo tu umbo la kondili hubadilika kwenye picha. Zaidi ya hayo, eksirei ya kawaida huhitaji mfupa uwe umepoteza sehemu kubwa ya madini yake, kwa makadirio yanayotajwa sana asilimia 30 hadi 50, kabla upotevu haujaonekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wataalamu watatu wa radiolojia walisoma picha za viungo vilevile wakitumia aina tatu za vipimo, na makubaliano yao juu ya viungo vilivyochakaa yalikuwa asilimia 19 kwa panorama, 59 kwa MRI na 84 kwa CT. Namba hizo zinatosha kueleza kwa nini ninapinga desturi ya kumwambia mgonjwa kwamba taya lake ni zima kwa sababu tu panorama imetoka safi. Panorama ikionyesha mmomonyoko, kwa kawaida ni kweli upo. Isipoonyesha, hatujajua kitu.

CT ya koni na CT ya kawaida

Kwa swali la mfupa pekee, yaani je, ganda la kondili limekatika, kwa kiasi gani na upande upi, vipimo viwili vya CT ndivyo vinavyotoa jibu linaloaminika, na hapa ndipo uchaguzi wenyewe unapokuwa mgumu zaidi.

CT ya koni iliingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa hukaa au husimama, mashine huzunguka kichwa chake mara moja ikitoa miale yenye umbo la koni, na kompyuta huunda picha ya pande tatu yenye chembe ndogo sana, baadhi ya mashine zikifika chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa mmomonyoko mdogo hilo ni jambo kubwa. Mionzi yake hutegemea sana mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa: huweza kuwa makumi machache ya mikrosieveti kwa eneo dogo na kuzidi mia kadhaa kwa uso mzima. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba CT ya koni ina mionzi midogo anapaswa kuuliza eneo gani litapigwa, kwa sababu kupiga fuvu zima kwa ajili ya viungo viwili vidogo ni kuitupa faida hiyo.

CT ya kawaida, ambayo mgonjwa hulala na kuingizwa kwenye duara la mashine, hutoa mionzi zaidi, kwa mataya takriban mikrosieveti 280 hadi 1,400, yaani mionzi ya asili ya wiki sita hadi miezi saba hivi. Lakini ina mambo matatu ambayo CT ya koni haina. Huonyesha tishu laini kwa kiasi fulani, na ikitumika dawa ya kung'arisha, inayodungwa mshipani ili tishu zionekane wazi kwenye picha, huweza kutofautisha usaha na uvimbe, jambo la lazima pale panaposhukiwa maambukizi au saratani. Vipimo vyake vya uzito wa mfupa vinaaminika, ilhali vivuli vya CT ya koni havitoshi kusema mfupa umepungua madini kwa kiwango gani. Na kwa majeruhi wa ajali ambaye hawezi kukaa wima wala kutulia, CT ya kawaida humaliza kazi kwa sekunde chache na kuonyesha ubongo na fuvu kwa wakati mmoja.

Hapa Dodoma kuna jambo la nne, nalo ni upatikanaji. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ina CT na MRI. CT ya koni ni mashine ya kliniki za meno, na mtu anayetoka Mpwapwa au Singida asifunge safari kabla ya kupiga simu na kuuliza mambo mawili: je, mashine ipo na inafanya kazi wiki hii, na je, eneo lake la picha linafikia viungo vya taya, kwa kuwa baadhi ya mashine ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya meno machache tu. Ikiwa jibu ni hapana na njia iliyobaki ni kwenda Dar es Salaam, treni ya SGR imerahisisha safari tangu mwaka 2024, lakini nauli ya watu wawili, malazi na siku za kazi zilizopotea huongezwa kwenye bei ya kipimo. Kwa maoni yangu, mtu mzima mwenye swali la mfupa tu hana haja ya safari hiyo iwapo CT ya kawaida itapigwa vizuri papa hapa.

Kupigwa vizuri maana yake ni hii. Daktari anayeomba aandike kwamba anataka viungo vya taya pekee, si kichwa kizima. Vipande vyembamba, visivyozidi milimita moja. Picha zitengenezwe kwa mpangilio wa mfupa. Na zikatwe upya kwa kufuata mhimili wa kila kondili, kutoka mbele na kutoka pembeni. Mgonjwa aume meno yake kama kawaida wakati wa kupigwa. Dawa ya kung'arisha haihitajiki kwa swali la mfupa. Fomu iliyoandikwa "CT ya kichwa, maumivu ya taya" hurudi na ripoti ya ubongo ulio salama na sentensi moja kuhusu taya, na kosa hapo si la mtaalamu wa radiolojia aliyejibu alichoulizwa.

MRI huona kinachoendelea

Watu wengi huamini kwamba MRI, kwa kuwa ni ghali na ni kubwa, hupita vipimo vingine vyote. Kwa ganda la mfupa sivyo. Ganda hilo huonekana jeusi katika MRI, kisahani nacho ni cheusi, na mmomonyoko mdogo hupotea baina yao. Ndiyo maana makubaliano ya wasomaji katika utafiti niliotaja yaliishia asilimia 59. Hata hivyo, katika utafiti huohuo kisahani kilichohama kilitambuliwa kwa makubaliano ya asilimia 95, na hakuna kipimo kingine kinachokaribia hapo.

Nguvu ya MRI ni kuonyesha ikiwa ugonjwa bado unaendelea. Maji yaliyojaa ndani ya kiungo, utando wa kiungo ulionenepa, na uboho wa kondili uliovimba ni dalili za uchochezi unaoendelea, na CT haiwezi kuziona. CT ni kama kuangalia nyumba iliyoungua: huonyesha ukuta upi umeanguka, lakini haisemi kama makaa bado ni moto. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba, kwa sababu dawa hutolewa kuzuia mfupa usiendelee kulika, na kusubiri hadi mmomonyoko uonekane kwenye CT ni kuchelewa.

MRI nzuri ya taya huchukua kati ya dakika 30 na 45, hupigwa mdomo ukiwa umefungwa kisha ukiwa wazi, na hutaka koili ndogo, yaani kifaa cha kunasa mawimbi ya mashine, inayowekwa karibu na kiungo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au vyuma fulani mwilini lazima aseme mapema. Waya za kunyoosha meno si hatari kubwa lakini huharibu picha. Pale panaposhukiwa baridi yabisi, mtaalamu huweza kuongeza dawa ya kung'arisha yenye gadoliniamu, na mwenye ugonjwa wa figo atapimwa kwanza.

Kuhusu ultrasaundi nitasema machache. Haina mionzi, ni nafuu, na huweza kuonyesha maji kwenye kiungo, lakini huona sehemu ya nje tu ya kondili, na matokeo yake hutegemea mno mkono wa anayepima. Kipimo cha nyuklia, ambacho mgonjwa hudungwa dawa yenye teknetiamu, madini yanayotoa mionzi, na kupigwa picha ya mifupa, kina nafasi finyu: husaidia kujua kama kondili inayokua kupita kiasi upande mmoja bado inakua. Hakionyeshi umbo la mmomonyoko, na si kipimo cha kuanzia.

Nani achague nini

Mtu mzima ambaye taya linauma na linatoa mlio, lakini anafungua kinywa milimita 40 au zaidi na meno yake yanakutana kama zamani, hahitaji CT wala MRI kwa kuanzia. Maumivu mengi ya taya hutoka kwenye misuli, na hupungua kwa kupumzisha taya, kula vyakula laini kwa muda, mazoezi na dawa za maumivu za kawaida. Panorama inatosha kuondoa shaka ya meno. Mlio peke yake, usioambatana na maumivu wala kukwama, hauhitaji picha hata moja, na fedha hizo zina kazi nyingine.

Mtu mzima ambaye kiungo kinasikika kikikwaruza kama mchanga, ambaye kinywa kinafunguka kidogo kuliko zamani au ambaye meno yake yamebadilika jinsi yanavyokutana, anastahili CT ya koni, na isipopatikana, CT ya kawaida iliyoombwa kwa maneno niliyoeleza. Kinywa kikiwa kimekwama ghafla, bila kukwaruza, kinachoshukiwa ni kisahani, na hapo MRI ndiyo yenye jibu. Mgonjwa wa baridi yabisi aanze na MRI kisha aongezewe CT ikiwa upasuaji unafikiriwa. Kiungo kilichogandana baada ya ajali ya zamani ni cha CT, kwa sababu daktari wa upasuaji anahitaji kujua ukubwa wa mfupa ulioota na umbali wake kutoka kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo nyuma yake.

Msichana wa miaka 17 ambaye kidevu kinaonekana kurudi nyuma mwaka hadi mwaka ni mgonjwa wa kupelekwa haraka kwa bingwa, na si wa kuwekewa waya za meno kwanza. CT ya koni itaonyesha kiasi cha mfupa kilichokwisha kupotea. Lakini msomaji wa picha lazima akumbuke umri wake: ganda la kondili halikamiliki hadi mtu anapofika miaka 21 au 22 hivi, na ukingo hafifu katika umri wa miaka 14 unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Nimeona ripoti zikiuita mmomonyoko. Mtoto mwenye baridi yabisi naye ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kiungo cha taya kwa watoto hawa huweza kuharibika kimyakimya bila maumivu, na mfupa unaolika ndio huohuo unaopaswa kukua. Kwake MRI hutangulia, kwa sababu haina mionzi na huonyesha uchochezi mapema. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia atahitaji dawa ya usingizi, na hilo lipangwe na hospitali yenye wataalamu wa usingizi.

Swali la kama mfupa unaendelea kulika au umetulia halijibiwi na picha moja. Ganda lenye ukingo usioeleweka huashiria ugonjwa ulio hai, na ganda laini lililokamilika juu ya kondili iliyobapa huashiria ugonjwa uliokwisha kutulia, lakini uhakika hutoka kwenye picha mbili zilizopishana miezi sita hadi kumi na miwili. Picha hizo zipigwe kwa mashine ya aina moja na mpangilio uleule. Kulinganisha panorama ya mwaka jana na CT ya mwaka huu ni kupoteza wakati. Katikati ya picha hizo, kipimo bora hakina mionzi wala gharama: rula ya kupima kinywa kinafunguka milimita ngapi, na picha za simu za meno yakiwa yameumana, zikipigwa kutoka mbele na kutoka kila upande.

Kuhusu malipo, mwenye bima ya NHIF au nyingine yoyote aulize kabla ya siku ya kipimo kama kinahitaji kibali, kwa sababu MRI na CT mara nyingi huulizwa sababu, na fomu iliyoandika swali la kitabibu kwa ukamilifu hurahisisha kibali hicho. Baada ya kupigwa, mgonjwa adai nakala nzima ya picha kwenye CD au flashi, pamoja na ripoti. Karatasi ya filamu huonyesha vipande vichache vilivyochaguliwa na mtu mwingine, na filamu hiyo ikipigwa picha kwa simu dirishani na kutumwa WhatsApp kwa bingwa aliyeko Muhimbili, mmomonyoko wa milimita mbili hautaonekana, hata kama mashine iliyoupiga ilikuwa bora kuliko zote nchini.